Hadithi za bibi zetu: tuzibadilishe au tuziache?

SEHEMU YA 1: Madaftari mawili

Mama zangu, na nyinyi kina baba mnaosoma kimya kimya, tunajuana.

Wengi mmeniuliza kwa nini siku za kliniki mnaniona na madaftari mawili. Moja ni la kazi, hilo mnalijua. Lile jengine lenye jalada la buluu ni la hadithi. Leo nalieleza, na kwa kuwa maneno ni mengi nimeyagawa sehemu sita. Soma ukinyonyesha, soma ukisubiri wali uive, hakuna haraka.

Hapa Wingwi mama haji kliniki peke yake. Anakuja na mama yake, au mkwe, au bibi. Foleni ya mizani ikirefuka na watoto wakianza kulia, utamuona bibi mmoja anampakata mtoto, anajitandazia kanga yake, anasema: "Paukwa!" Na benchi zima, hata wale wasiomjua, wanaitikia: "Pakawa!" Pale pale kelele zinapungua nusu. Miye ni muuguzi, sina dawa inayofanya kazi upesi kiasi hicho.

Nilianza kusikiliza huku napima. Halafu nikagundua jambo. Siku moja bibi aliitwa ndani hadithi ikiwa katikati, watoto wakabaki wamekodoa macho. Nikamwambia mama mmoja kijana aliyekuwa amekaa pale: "Haya, wamalizie." Akacheka akasema: "Daktari, hapo mie nilikuwa nishalala."

(Najua miye si daktari. Kuno kila aliyevaa nguo nyeupe ni daktari.)

Lile neno halikunitoka. Nikawauliza wengine, nikajiuliza na mwenyewe. Kweli kabisa! Sote tunajua mianzo. Sungura alikwenda kisimani, binti alisahau kombe lake pwani, maskini alinunua paa. Mwisho hatuujui, maana kazi ya hadithi ilikuwa kutulaza, na ilifanya kazi yake. Wenye miisho ni wale waliokuwa macho, yaani bibi zetu. Na bibi zetu wanapungua.

Basi nikanunua daftari. Huu mwaka wa tatu. Nina hadithi 34 kutoka kwa bibi 12 wa hapa na vijiji vya jirani. Sungura peke yake ana hadithi tisa, na katika zote tisa hakuna hata moja aliyolipa deni.


SEHEMU YA 2: Ndugu wawili wa Kijerumani

Sasa mtaniuliza, Wajerumani wameingiaje?

Wameingia kupitia simu zetu. Mtoto wa Wingwi leo anamjua yule binti mweupe kama theluji na vibwengo vyake saba, anamjua binti wa nywele ndefu aliyefungwa mnarani, anawajua Hansel na Gretel waliotupwa msituni. Anadhani ni mambo ya Marekani kwa kuwa katuni imetoka huko. Kweli, Walt Disney alimtoa huyo binti wa theluji katika filamu mwaka 1937. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa imechapwa Ujerumani zaidi ya miaka 120 kabla, na waliochapa walikuwa vijana wawili, mtu na ndugu yake, Jacob na Wilhelm Grimm.

Nimewasoma hawa kwa hamu kwa sababu walifanya kazi ninayoifanya miye, na walikutana na matatizo ninayokutana nayo.

Baba yao alifariki mwaka 1796, Jacob akiwa na miaka 11, na mama yao akafariki 1808. Walikuwa na wadogo wa kuwaangalia na pesa hawana. Mji wao wa Kassel wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Wafaransa. Waliona mambo ya kwao yanapotea mbele ya macho, wakaanza kuandika hadithi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1812, kina hadithi 86. Jacob alikuwa na miaka 27, Wilhelm 26. Cha pili kikatoka 1815. Wakaendelea kukitengeneza na kukichapa upya mpaka chapa ya saba, mwaka 1857, hadithi zikawa zaidi ya 200. Mwaka 2005 UNESCO iliziingiza nakala zao wenyewe, zenye maandishi yao ya mkono, katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Watu wanadhani walipanda milima wakiingia kijiji kwa kijiji. La. Mara nyingi hadithi ziliwafuata nyumbani. Nyingi walipewa na wasichana wa majirani na marafiki. Mmoja wao, Dortchen Wild, Wilhelm alimuoa mwaka 1825. (Mnaona? Hadithi zina riziki zake.)

Lakini ninayempenda miye ni mama mmoja aliyeitwa Dorothea Viehmann. Mke wa fundi cherehani, baba yake alikuwa na nyumba ya wageni njiani, na humo utotoni alikuwa akiwasikiliza wasafiri. Utu uzimani alikuwa akija mjini kuuza mazao ya shambani, akipita kwa akina Grimm kuwasimulia. Aliwapa hadithi zaidi ya 30. Wilhelm ameandika kwamba mama huyu alikuwa akisimulia mara ya kwanza kwa kasi yake, kisha ukimuomba anarudia pole pole ili uandike, na akikosea neno anajirekebisha mwenyewe. Alifariki mwaka 1815.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Bibi zangu ni hivyo hivyo. Ukimsomea ulichoandika na umeacha neno moja, anakuinulia kidole: "Rudi nyuma. Hapo umeruka."


SEHEMU YA 3: Na zetu ziliandikwa na nani?

Msidhani sisi hatukuandikwa. Tuliandikwa mapema, ila si na sisi.

Mwingereza mmoja, Edward Steere, alifika Unguja mwaka 1864 na misheni, baadaye akawa askofu, na ndiye aliyejenga lile kanisa kubwa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Miongoni mwa waliomsaidia alimtaja kijana Hamisi wa Kayi na kumsifu kwa akili. Baadaye wakaja Wajerumani. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali yao huku bara, akaenda kufundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1898 akatoa kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Na kuna Mzanzibari wetu, Bint Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeolewa na Mjerumani na kuhamia kwao. Kumbukumbu zake alizitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, lakini alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao katoka wapi. Huyo namfahamu sana. Ni mama tu.

Lakini kalamu ya Steere ilikuwa mjini Unguja. Haikufika ukumbini kwa bibi wa Wingwi anayesuka ukili huku anasimulia. Ndiyo maana nasema kazi bado ipo.

Katika kile kitabu cha Steere kuna hadithi ya Sultani Darai, na bibi mmoja wa hapa ananisimulia hiyo hiyo, bila ya kuwahi kuona kitabu. Maskini mmoja anachakura jaa, anaokota kisarafu, badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Kumbe paa anasema! Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani, anamwambia imetoka kwa bwana wangu, sultani mkubwa. Anamposea maskini yule binti wa sultani, anaua joka la vichwa saba, anampatia bwana wake jumba. Maskini anakuwa tajiri.

Ukimsimulia mtu wa Ulaya hapo atakwambia, "Hii naijua, ni ya paka aliyevaa viatu." Na kweli ni ndugu yake. Paka yule alikuwemo katika kitabu cha akina Grimm cha 1812, wakamtoa katika chapa iliyofuata kwa kuwa alifanana mno na wa Mfaransa Perrault, aliyemchapa mwaka 1697. Hadithi haina pasipoti.

Lakini hebu tazama miisho. Paka wa Ulaya anapewa cheo kikubwa, wote raha mstarehe. Paa wetu anaumwa. Anamtuma bi kizee aende kwa bwana: mwambie naumwa, kichwa kinaniuma, joto limenipanda. Na bwana, ambaye kila alichonacho kimeletwa na yule paa, anasema mpikieni uji wa mtama. Mkewe anamsihi, kwa nini humfanyii wema? Hasikii. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani kama takataka. Usiku ule yule bwana analala, anaota yuko jaani anachakura. Anaamka, yuko jaani anachakura.

Fadhila za punda ni mateke, tunasema. Miye hadithi hii nimeisikia nikiwa nimetoka zamu, nikakaa nayo kwa muda. Kila wiki naona bibi aliyelea nyumba nzima akiletwa amechelewa, maana nyumbani kila mtu alisema "ni uzee tu, mpeni uji." Sina la kuongeza hapo. Msimulieni mtoto wa miaka minane hadithi ya paa, halafu mwache afikiri.


SEHEMU YA 4: Tumbo lililofutwa na ndege anayepita usiku

Tunafika penye uzito.

Kitabu cha kwanza cha akina Grimm hakikuwa cha watoto hasa. Kilikuwa na maelezo ya kisomi. Watu wakanunua kwa ajili ya watoto hata hivyo, wakaanza kulalamika: hili halifai, hili linatisha, hili ni aibu. Wilhelm akaanza kusafisha.

Mkunga kama miye anaona mara moja alichosafisha. Ile hadithi ya Rapunzel, binti wa mnarani, inaanza na mama mjamzito anayetamani majani ya bustani ya jirani mchawi mpaka anadhoofu, mumewe akaenda kuyaiba. (Jamani, nani kati yetu hajamtuma mume usiku? Ila tamaa ikiwa ya kula udongo, njoo uniambie bila haya, mara nyingi damu inakuwa imepungua, na vidonge vyake vipo.) Sasa binti anakua, anafungwa mnarani, mwana wa mfalme anapanda kwa nywele zake. Katika kitabu cha 1812 binti anamuuliza mlezi wake kwa ujinga wa kitoto: mbona nguo zangu zinanibana siku hizi? Ndipo mlezi akajua. Chapa za baadaye swali hilo limeondolewa, binti anasema tu kwamba mlezi ni mzito kumvuta kuliko yule kijana. Tumbo limefutwa.

Wapo watakaosema afadhali. Miye nimewapokea wasichana waliojua hali yao kwa sababu sare ya skuli imewabana, hakuna aliyewahi kuwaambia kitu. Kwa hiyo nikiiona ile sentensi imefutwa, roho inaniuma kidogo. Ilikuwa sentensi ya kumfungua binti macho.

Sasa tuje kwetu. Bibi mmoja kanipa hadithi ya dege. Mnajua wazee wanasema nini kuhusu degedege: kuna dege linapita juu ya nyumba magharibi, kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anakakamaa. Katika hadithi ya bibi, mama anamfunika mtoto kwa kanga na kujifungia ndani asitoke mpaka dege lipite. Hadithi tamu, ina mwimbo wake, na bibi anausimulia mbawa mpaka unazisikia darini.

Miye ninayeandika ndiye huyo huyo ninayepokea mtoto wa degedege saa nne ya usiku. Najua kumfunika mtoto mwenye homa kali na kumfungia ndani ni hatari. Je, niiandike? Nikiiandika, niibadilishe, mama atoke nje akimbilie kituoni?

Niliiandika kama ilivyo, neno kwa neno, na mwimbo wake. Hadithi ni ya bibi, si yangu. Halafu nikamuuliza mwenyewe: bibi, mtoto akipata hivyo kweli, hospitali si itamfaa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mpandishe gari mwanangu. Dege halina nauli."

Tangu siku hiyo, ikisimuliwa hadithi ya dege kwenye benchi, bibi akimaliza miye nasimama. Nasema, hadithi imekwisha, sasa kazi. Nanyi yashikeni haya:

Mtoto akikakamaa na kutetemeka, mlaze ubavu, mahali ambapo hatajigonga.
Mlegeze nguo, hasa shingoni. Usimfunike mablanketi.
Usimtie kitu mdomoni. Si kijiko, si kidole, si maji, si dawa.
Usimkandamize kumzuia asitetemeke.
Tazama saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, hiyo ni dharura, ondoka naye hapo hapo.
Hata akitulia, mlete. Homa ile ina sababu, huenda malaria, huenda jengine, na sababu hatuioni kwa macho.

Mwenye dua yake aisome njiani. Miye pia naisoma.


SEHEMU YA 5: Mama wa kambo

Hii ndiyo iliyonifanya niandike mfululizo huu.

Katika hadithi zangu 34, saba zina mama wa kambo. Wote saba wabaya. Mmoja anampa mtoto kapu la kuchotea maji, mmoja anampa ukoko, mmoja anamtuma usiku penye zimwi. Watoto wa benchini wanawajua, wanawazomea.

Kuna mama mmoja, jina lake ni lake, analea watoto watatu ambao hakuwazaa. Mama yao alifariki. Aliwapokea mdogo akiwa na miezi minne, na kadi ya mtoto yule ni safi kuliko kadi nyingi ninazoziona, hakuna chanjo iliyokosekana, uzito unapanda vizuri. Siku hiyo hadithi ilikuwa ya mama wa kambo. Watoto wakazomea. Yule wa kati, wa miaka sita hivi, akamgeukia akamuuliza kwa sauti kabisa: "Mama, wewe si wa kambo?"

Benchi likanyamaza. Yeye akamjibu taratibu: "Ndiyo mwanangu. Sikiliza hadithi."

Zamu yake ilipofika aliniambia, huku anamvua mtoto nguo za kupimia: "Daktari, katika daftari lako hamna hata mmoja mwema?"

Nililipekua daftari zima usiku ule. Hamna.

Nikarudi kwa akina Grimm nione wao walifanyaje, na nilichokikuta kilinishangaza. Yule binti wa theluji, katika kitabu cha 1812 aliyetaka auawe alikuwa mama yake mzazi. Mama wa kambo ametiwa katika chapa ya 1819. Hansel na Gretel vile vile. Aliyeshauri watupwe msituni alikuwa mama yao hasa, na wa kambo ameingia katika chapa ya 1840. Wilhelm hakuweza kuvumilia mama mzazi afanye hayo mbele ya watoto, akatafuta wa kubebeshwa. Alimpata yule ambaye hana wa kumtetea. Na katuni imewafundisha watoto wa dunia nzima hivyo hivyo.

Nikaenda kwa bibi mmoja, mkubwa wa hao 12. Nikamwambia habari ya Mjerumani. Nikamuuliza: bibi, wa kwako tangu zamani alikuwa wa kambo? Akavuta ukili wake, akafikiri.

"Mama yangu alikuwa akinisimulia ni mama yake."

"Sasa wewe kwa nini unasema wa kambo?"

"Nikisema mama yake, mtoto atalala na nani?"

Maneno ya Wilhelm kabisa, ila bibi kayasema kwa ufupi. Wote wawili wamemhurumia mtoto aliyelala na mama yake mzazi. Aliyelala na mama mwengine, hakuna aliyemfikiria.

Nikamuomba anitafutie hadithi moja tu ya mama wa kambo mwema. Akaniambia: "Mwema hana hadithi, mwanangu. Kapika, watoto wamekula, wamelala. Utasimulia nini?"

Mnaona ugumu ulivyo. Ningeweza kutunga moja nikaitia daftarini. Lakini daftari lile nimeahidi ni la waliyoniambia bibi, na nikianza kupenyeza yangu kesho hutajua lipi la nani. Akina Grimm wenyewe leo wanasomwa na watu waliokaa kupanga chapa moja moja wajue nini kilibadilishwa na lini. Hiyo ndiyo faida ya kuacha nyayo.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni mbili. Kwenye daftari, naandika nilichosikia, kama nilivyokisikia, pamoja na jina la msimuliaji akiridhia, na tarehe. Kwenye benchi, mbele ya watoto walio hai, msimuliaji ana ruhusa ya kuchagua. Bibi mwenyewe alibadilisha alichopewa na mama yake, naye mama yake huenda alibadilisha. Sasa nawaambia akina bibi wangu: mkiona yupo mtoto wa kambo mbele yenu, semeni "mwanamke mmoja mwenye roho mbaya" basi. Hadithi haipungui chumvi. Zimwi lipo pale pale.

Mama yule aliporudi mwezi uliofuata nilimpa jibu la bibi, kwamba mwema hana hadithi maana watoto wamekula wamelala. Alicheka sana, mpaka mtoto mgongoni akashtuka.

"Basi bora nikose hadithi," akasema.

Nimemuomba ruhusa ya kuandika haya, akaniruhusu.


SEHEMU YA 6: Anza na bibi wako

Sihitaji mje kwangu. Daftari kila nyumba inalo, na bibi wengi bado wapo. Haya niliyojifunza:

Usimuendee mchana. Wazee wengi hapa hawapendi kutoa hadithi jua likiwa juu, na mchana wana kazi zao, mwani, muhogo, ukili. Nenda baada ya sala ya Isha, beba kitu cha kutafuna.

Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Bibi wangu wanne wamekataa kurekodiwa, hawataki sauti zao zizunguke kwa watu wasiowajua. Ni haki yao. Hao nawaandika kwa mkono.

Mwache amalize mara ya kwanza bila kumkata. Mara ya pili ndiyo uandike, kama alivyokuwa akifanya yule mama wa Kassel.

Andika Kipemba chake. Usimsahihishe kikawa Kiswahili cha skuli. Akiimba, andika anaimba wapi, nani anaitikia.

Andika na kilichotokea: nani alikuwepo, mtoto aliuliza nini. Miye maswali ya watoto nayaandika pembeni kwa wino mwekundu, na mengine ni bora kuliko hadithi.

Kisha msomee. Atakuinulia kidole, rudi nyuma.

Na kama huna bibi, msimulie mtoto ulichobakiwa nacho, hata kama ni mwanzo tu. Muulize yeye, unadhani iliishaje? Mwanangu wa kwanza kanimalizia hadithi ya Watoto na Zimwi namna hiyo. Ile ya binti aliyerudi pwani kufuata kombe lake, zimwi likamtia ndani ya pipa, likawa linazunguka vijijini linapiga ngoma na binti ndani anaimba, mpaka likafika kwa wazazi wake nao wakaijua sauti. Nilimuuliza mwanangu, wamemjuaje, na hawamuoni? Akasema: "Si mama yake? Anamjua hata akikohoa."

Ndiyo hivyo mama zangu. Mkija kliniki mkaniambia "Daktari, leo kilio chake si kile cha kila siku," nitaacha ninachokifanya nikusikilize.

Sehemu ijayo, inshallah, nitaandika hadithi nzima ya Sungura na kisima kama alivyonipa bibi wa hapa Wingwi, na mwisho wake. Usilale kabla.